Nati ya Kushoto

Mtaa mzima walimwita Spoki, kwa wembamba wake na kwa kazi yake, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuitwa vingine. Alikuwa fundi baiskeli kwa miaka thelathini sasa, mwenye karakana ya mlango mmoja kati ya duka la rangi na kinyozi, na mdomo usiojua kumstahi mteja. Ukimletea baiskeli uliyoinunua kwa kuvutiwa na rangi, atakuuliza kama unataka kuipanda au kuiposa. Watu walicheka, wakaondoka, wakarudi. Mkono wake ulikuwa wa uhakika, hilo hata maadui zake hawakulipinga.

Alikuwa na sheria moja: ndugu halipi. Kipuri utanunua, maana kipuri hakijui undugu, lakini kazi ya mikono yake kwa ndugu haikuwa na bei. Mdogo wake, ndugu wa tumbo moja, hakuwahi kumlipa hata senti, na hakuwahi kuuliza. Angeuliza Spoki angenuna wiki nzima.

Basi Jumatano moja, saa nne asubuhi, akaingia karakanani binti wa huyo mdogo wake, gunia begani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Gunia hilo nini, umeiba kuku?"

"Kuku hana spoki," akasema binti, akaliegemeza gunia ukutani. "Nataka fiksi."

Spoki akaweka spana chini. Fiksi ni ile baiskeli isiyo na friwili: gurudumu likizunguka pedali zinazunguka, upende usipende. Mteremkoni hupumzishi miguu. Ukitaka kupunguza mwendo unaikandamiza pedali kinyumenyume kwa miguu yako mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja Spoki hakuwa amefunga hata moja. Vijana walipokuja kuulizia, aliwaambia ni baiskeli za kupigia picha, akawafukuza kwa utani.

"Fiksi ya nini?"

"Ya barabarani. Kwenye kiwanda cha mikate ninaingia alfajiri, ni kilomita nane za lami tupu, na nauli inanimaliza. Tena fiksi haina vitu vingi vya kuharibika. Na Jumapili nataka kwenda mbali na wale wenzangu wa chama cha baiskeli. Nimeweka akiba, si nyingi. Nitafutie ya bei ninayoiweza, lakini nzuri."

"Rahisi tena nzuri. Na mume tajiri mpole utamtaka lini?"

Binti akacheka, akatoa simu. Alikuwa ameiona moja dukani mjini, rimu za kijani, mpya, nusu ya bei ya nyingine. Spoki akaisogeza simu mbali na macho yake, akaikunjia uso.

"Hii umeona inafungwa breki wapi? Hakuna hata tundu. Fremu bati, ukigonga shimo moja shingo inakatika. Rahisi ghali, mwanangu. Hii iache ining'inie huko huko dukani ipendeze."

Akamwonyesha ya pili, nyepesi, ya gia nyingi, iliyoachwa pale na mteja aliyehama. Binti akaipenda. Spoki akamwinamisha aangalie nyuma, mahali ekseli inapoingia. "Hizi nafasi zimesimama wima. Fiksi mnyororo wake lazima ukazwe kwa kulivuta gurudumu nyuma, na hapa huwezi kulivuta popote. Mnyororo ukilegea utachomoka, na ukichomoka ukiwa kwenye mwendo, tutakuokota."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalipima. Halafu akaenda nyuma ya mapipa, akavuta fremu kuukuu ya chuma, rangi imebabuka, nafasi zake za nyuma zimelala. Akaigonga kwa kucha, ikalia. "Hii hapa. Nzito kidogo, lakini mwaminifu. Mbele meno arobaini na sita, nyuma kumi na nane, ili magoti yako yafike uzeeni. Breki ya mbele ni lazima. Fremu nakuachia kwa bei ya chuma chakavu."

"Mbili," akasema binti. "Baba anataka breki mbili. Mbele na nyuma."

"Kwa nini mbili? Miguu ni breki ya nyuma."

"Ndiyo hiyo. Anasema miguu yake ilimsaliti, na mimi ni damu yake." Alisema akiangalia sakafu. "Halafu ameniambia usiniuzie gurudumu la nyuma. Anasema lipo, na lililo bora kuliko hilo hakuna, kwa sababu ulilifunga wewe."

Akafungua gunia.

Spoki alilijua kabla halijatoka lote. Rimu ya rangi ya fedha, spoki thelathini na sita alizozipanga mwenyewe, na katikati ile sproketi, gia yenye meno ya kushika mnyororo. Miaka kumi na moja aliamini shemeji yake alishaiuza baiskeli ya mumewe iliyopata ajali kwa wanunua vyuma. Kumbe mdogo wake alilichomoa gurudumu moja akalitia chini ya kitanda.

Sasa ngoja nikueleze kilichomfanya mtu mzima atokwe na jasho mbele ya gurudumu. Kitovu cha gurudumu la fiksi halisi kina hesi mbili, yaani ile mistari ya kuzungushia nati. Hesi ya kwanza ni ya kulia, ndipo inapofungwa sproketi. Ya pili ni ya kushoto, na nati yake hufungwa kinyume. Ukikandamiza pedali nyuma, sproketi inataka kufunguka, lakini kila ikijaribu inaikaza ile nati ya kushoto. Zinazuiana. Kitovu cha baiskeli ya kawaida hakina hesi ya kushoto. Ukitaka ujanja, utafungia sproketi pale pale, utaipaka gundi, utaweka juu yake nati ya kulia iliyotoka kwenye ekseli ya pedali, na asiyejua ataona kitu kimekaa. Siku mwenye baiskeli akikandamiza nyuma kwa nguvu, vyote viwili vinafunguka pamoja, na miguu inabaki inakanyaga hewa.

Spoki aliyajua yote hayo, na hapo ndipo ubaya ulipo. Gurudumu halisi lilikuwa ghali, mdogo wake alikuwa na haraka ya safari ya Jumapili, na yeye akasema bora liende, nitambadilishia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita, ukaja mwingine, hakuna kilichotokea. Na fundi akiona hakuna kilichotokea hujiona ana akili kuliko waliotengeneza kitu.

Ikatokea kwenye mteremko wa kiwanda cha saruji, na baiskeli ile haikuwa na breki ila miguu. Mdogo wake aliingia nyuma ya lori lililoegeshwa, mguu ukavunjika sehemu mbili, na haukurudi kuwa mguu. Spoki ndiye aliyekwenda kuiokota baiskeli. Aliikuta sproketi inacheza kwenye hesi, nati imelegea pembeni. Akatazama huku na huku. Akaikaza kwa mkono, pale pale kando ya barabara, kabla mtu hajafika.

Hospitalini mdogo wake akamwambia, "Kaka, miguu ilikufa. Nilikandamiza, sikuhisi kitu." Na yeye akamshika mkono, akamwambia pole, hutokea. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo habari yenyewe. Mwendeshaji aliyekuwa akisifiwa mji mzima akawa mtu aliyeshikwa na woga mteremkoni akaachia miguu. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mwanaharamu hakupita, alikaa humo humo ndani ya kombe, miaka kumi na moja.

"Rimu imepinda," akasema Spoki.

Binti akalishika gurudumu kwa ncha za ekseli, akalizungusha. Likazunguka limenyooka kama sahani.

"Imepinda wapi, baba mkubwa?"

"Wewe huoni. Liache hapa, nitakutafutia jingine."

"Sina pesa ya jingine."

"Nani amekuomba pesa?" Akasema kwa ukali, hata kinyozi wa jirani akachungulia. Binti akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa amemzoea baba yake mkubwa bila utani. Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti ndogo:

"Ni kweli baba aliogopa?"

"Nani kasema?"

"Mama. Wakigombana humwambia hata baiskeli ilikushinda, utaweza nini. Baba hamjibu. Mimi hakunifundisha kuendesha, nilifundishwa na watoto wa jirani. Nilipomwomba alisema mtu aliyeangushwa na miguu yake hana la kumfundisha mtoto." Akalipangusa gurudumu vumbi kwa kiganja. "Nataka tu kujua. Kama ni kweli, basi, ni baba yangu. Lakini nijue."

Hapo mtu mwenye moyo angesema neno. Spoki akasema, "Njoo Jumamosi."

Alipobaki peke yake akalishusha gurudumu jipya kutoka juu ya kabati, lenye hesi mbili, halali. Alikuwa nalo. Angeweza kulifunga, akamwambia binti lile la zamani rimu yake imechoka, na asingeulizwa tena mpaka siku ya kuzikwa. Alikaa nalo mapajani hadi adhana ya adhuhuri ikapita, wateja wawili wakaja akawaambia kumefungwa huku mlango uko wazi. Kila alipofika pale pa kusema basi, yameisha, alimsikia shemeji yake akisema utaweza nini, na mdogo wake akinyamaza. Alimwonea huruma mdogo wake. Alijionea huruma yeye zaidi, na hilo likamchukiza.

Akalitia lile la zamani kwenye gunia, akafunga karakana, akaenda kwa miguu.

Mdogo wake alikuwa mezani kwake karibu na dirisha. Tangu mguu ulipoharibika alijifunza kutengeneza saa, kazi ya kukaa. Alikuwa na kile kioo cha mafundi saa kimebanwa jichoni, na mbele yake saa ya mkono imefunuliwa tumbo. Shemeji alikuwa sokoni. Gongo lilikuwa limeegemezwa kwenye kiti.

"Kaka. Karibu. Mbona umelirudisha gunia, gurudumu limekataa?"

"Limekataa."

Akakaa. Akalitoa, akaliweka mezani katikati ya saa za watu. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamkimbia. Akabaki anainyooshea kidole ile nati.

"Iangalie."

Mdogo wake akacheka kidogo. "Niangalie nini? Kazi yako hiyo."

"Iangalie, nakuomba."

Akainama na kioo chake. Fundi saa anazijua hesi za kushoto, maana ndani ya saa zimo skrubu kama hizo, na mwanafunzi asiyejua huzivunja siku ya kwanza. Alikaa ameinama kwa muda. Akaweka vidole viwili juu ya nati, akaizungusha. Ikafunguka bila ubishi. Akaizungusha sproketi kwa upande ule ule. Nayo ikaja. Akaitoa, akaiweka juu ya kitambaa cha kazi, taratibu, kama anavyoweka vitu vya watu.

"Zote za kulia," akasema.

"Zote za kulia."

"Gundi."

"Gundi ilikuwepo. Haikutosha. Haiwezi kutosha."

Mdogo wake akakitoa kioo jichoni. Kilikuwa kimeacha alama ya duara kwenye ngozi.

"Kwa hiyo siku ile..."

"Ilifunguka. Ulikandamiza vizuri. Ulikuwa unakandamiza hewa."

"Si miguu."

"Si miguu. Miguu yako ilikuwa mizima."

Nje kulikuwa na mtu anachota maji, ndoo inajaa. Mdogo wake akautazama mguu wake mbovu, halafu ule mzima, kama mtu anayehesabiwa upya kitu alichokwisha kukitoa hesabuni.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Niliikuta imelegea. Nikaikaza watu wasione." Sauti ya Spoki ilianza kukatika, akailazimisha. "Nilisema nitakwambia ukipona. Ulipozinduka ukasema ni miguu yako. Nikaona umenipa njia, nikapita. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilikupa njia," akasema mdogo wake.

"Ndiyo."

"Gurudumu hili limekaa chini ya kitanda changu miaka kumi na moja. Ningeligusa kwa vidole viwili ningejua. Sikuwahi kuligusa. Unajua kwa nini?" Hakungoja jibu. "Sikuona cha kukagua. Nikague nini? Ni kazi ya kaka."

Spoki akalia. Mdogo wake hakumnyamazisha, hakumfukuza. Alivuta ile saa iliyofunuliwa tumbo, akakirudisha kioo jichoni, akaendelea na kazi, skrubu ile ile moja akiifunga na kuifungua. Baadaye akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu anataka baiskeli Jumamosi. Mfungie."

"Unataka nimfungie mimi?"

"Nitakuja."

Jumamosi alikuja. Tangu ajali hakuwa amekanyaga karakana ile, alisema harufu ya grisi inamuumiza. Akaingia na gongo lake, binti nyuma yake, akawaamkia waliokuwepo kwa ujumla, akakaa kwenye benchi la wateja. Binti alikuwa na macho ya mtu aliyeambiwa. Alimwamkia baba mkubwa shikamoo, akaitikiwa, basi. Hakuna aliyeleta utani wa kuku.

Spoki akafunga. Fremu ya chuma alikuwa ameisugua na kuipaka rangi nyeusi. Akaweka gololi mpya kwenye usukani, akapachika breki ya mbele, moja, maana binti alisema moja inatosha na baba yake akakubali kwa kichwa. Akalichukua gurudumu lenye hesi mbili, akafunga sproketi, akafunga nati ya kushoto juu yake.

"Lete," akasema mdogo wake.

Akapewa gurudumu. Akakitoa kioo chake cha saa mfukoni, akakibana jichoni, akalikagua hesi kwa hesi. Kinyozi alikuwa mlangoni na mkasi mkononi, anatazama.

"Legeza. Funga tena."

Spoki akalegeza. Akafunga tena. Mdogo wake akatazama.

"Tena."

Akalegeza, akafunga tena. Mara ya tatu spana ilimteleza ikamchuna vidole, damu ikatoka kidogo, akajifuta kwenye suruali akaendelea. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumsimamia kazi, na wote waliokuwa pale walilijua hilo. Gurudumu likaingia kwenye fremu, mnyororo ukakazwa. Mdogo wake akasimama, akaegemea fremu, akaweka mguu wake mzima juu ya pedali, akaukandamiza nyuma kwa uzito wake wote huku Spoki ameshikilia breki. Hakuna kilichosogea. Akakandamiza tena, kwa nguvu, jasho likimtoka usoni, na hakuna kilichosogea. Akabaki hivyo kwa muda, mguu uko pale, amefumba macho.

"Panda," akamwambia mwanawe. "Usiache miguu ikuongoze, wewe ndiye uiongoze. Ukifika pale kwenye nguzo anza kuzuia, taratibu, usisubiri. Mimi nipo hapa."

Binti akapanda. Akaenda hadi kwenye nguzo ya umeme, akazuia kwa miguu, akageuka, akarudi, na baba yake akamwambia mabega yamepanda, yashushe, rudia. Akarudia mara nne. Mara ya mwisho alirudi anacheka, na baba yake akacheka naye, sauti ambayo Spoki hakuwa ameisikia miaka mingi. Alifurahi kuisikia, ingawa haikuelekezwa kwake.

Kisha mdogo wake akageuka, akaweka mkono mfukoni.

"Bei gani, fundi?"

Spoki akafungua mdomo. Alitaka kusema kipuri hakijui undugu lakini mkono wangu haukuuzii. Alitaka kusema mimi ni kaka yako. Akamtazama usoni, akaona hapana nafasi ya maneno hayo. Akataja bei: fremu, gurudumu, breki, mnyororo. Akaishia hapo.

"Na ufundi?"

"Na ufundi," akasema Spoki, akataja bei anayomtoza mtu yeyote anayetoka barabarani.

Mdogo wake akatoa noti, akaziweka kwenye benchi la kazi, kando ya spana yenye damu. Zilikuwa zimezidi kidogo. Akasimama pale, amelishika gongo lake kwa mikono miwili, akangoja chenji.